Baiskeli Nyumbani kwa Ngeleja

Kwa uliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, naitwa Machibya, mtunza stoo katika kiwanda kimoja cha kuchambua pamba hapa Bariadi. Mke wangu ni Esteria, karani wa mizani kiwandani hapohapo. Tuna binti mmoja, Milembe, wa miaka mitano. Na nina gari.

Balaa lilianza siku uongozi ulipobandika tangazo getini. Msimu umefunguliwa, malori ya pamba hayana pa kusimama, uwanja umejaa magari ya wafanyakazi. Kuanzia Jumatatu, gari lenye watu pungufu ya watatu halivuki geti. Basi la kiwanda litapita barabara kuu asubuhi na jioni. Anayetaka baiskeli aandike jina, atapewa.

Mimi na mke wangu tulikuwa wawili. Tukamchukua mzee Salu, fundi umeme, tukatimia watatu. Hazikupita wiki mbili Esteria akashuka kwenye gari, akasema atapanda bodaboda. Ili hesabu itimie nikampakia Jenifer wa masjala, naye akakaa kiti cha mbele.

Halafu ikaja Alhamisi ile. Nilikuwa natoka kufuata vipuri mjini nikamwona mke wangu nje ya chekechea ya Milembe. Ameshika bega la Ngeleja, fundi mitambo wetu, anacheka mpaka anainama. Ngeleja ameshikilia baiskeli nyekundu. Na kwenye keria ya baiskeli hiyo kimefungwa kipande cha kitenge nilichokinunua mimi mwenyewe Maswa.

Wiki jana niliweka kalamu chini hapo. Leo nitakwenda mpaka Jumatatu iliyofuata, hata kama nitaona aibu.

Jioni ya Alhamisi hiyo nilimkuta Esteria anasonga ugali.

"Leo umekwenda kazini na nini?" nikamuuliza.

"Bodaboda."

"Ya nani?"

"Baba Milembe, na wewe! Mimi napanda, nashuka, basi. Nianze kuulizana majina na kila dereva?"

Nilikuwa nimeshavipitia vijiwe vyote vitatu vya bodaboda mtaani kwetu, nikiwaonyesha vijana picha yake kwenye simu. Hakuna aliyewahi kumpakia. Mmoja aliniuliza kwa huruma kabisa, "Kwani mama amepotea, kaka?"

"Rudi kwenye gari," nikasema.

"Nikae wapi?"

"Jenifer atahamia nyuma."

Akageuka na mwiko mkononi. "Mimi nimemtaja Jenifer?"

"Hukumtaja. Nasema tu."

"Sikiliza. Gari lako linakwenda kazini tu. Mimi nikitoka hapa nampeleka mtoto chekechea. Nikitoka chekechea nakwenda kwa mama yako, nahakikisha amekunywa dawa ya presha mbele ya macho yangu, maana nisipomsimamia anaficha kidonge. Jioni napita sokoni. Siku ile nilipoomba tupite kwa mama, mzee Salu alitazama saa mara nne, na wewe ukasema tutachelewa geti. Ni mama yako yule, si wangu."

"Basi si lipo?"

"Basi!" akacheka bila furaha. "Linanyoosha barabara kuu kama linafukuzwa. Mmelipenda ninyi wanaume mnaotoka kitandani mkaingia kazini. Sisi akina mama wa mizani tulilipanda siku tatu tukaliacha. Haliendi chekechea, haliendi sokoni. Ungeniacha niandike jina la baiskeli, maneno haya yasingekuwepo."

"Hilo tulilimaliza. Mke wa Machibya hawezi kupanda baiskeli wakati gari liko uani. Watu watasema nimefilisika."

Akaupakua ugali.

Mtu mwenye akili timamu angemwelewa mke wake pale pale. Mimi nilichosikia ni kwamba kila asubuhi, kati ya chekechea na kwa mama, kuna kipande cha njia ambacho mimi simo. Nikajiuliza nani yumo. Jibu nilikuwa nalo tayari.

Ijumaa tukafika getini kama kawaida. Mlinzi Mayige akainama dirishani, akahesabu kwa kidole. "Mmoja, wawili, watatu. Pita."

Wakati huohuo Esteria akatokea kwa miguu, vumbi limempanda mpaka magotini. Hatua mbili nyuma yake, Ngeleja. Naye kwa miguu. Baiskeli haionekani. Wameificha, nikasema moyoni. Wanafika karibu, wanaificha, wanamalizia kwa miguu kama watu wasiojuana.

"Mwangaluka, kaka Machibya!" Ngeleja akanisalimia.

Sikumwitikia.

Jenifer akatoa kichwa dirishani. Yule binti hana breki mdomoni. "Mama Milembe, vumbi litakumaliza! Mimi hiki kiti cha mbele sikiachii, nimeshakizoea!"

Watu waliokuwa getini wakacheka. Esteria akamtazama Jenifer, kisha akanitazama mimi.

"Kikalie tu," akasema, akapita.

Ndani ya uwanja mzee Salu akaniambia taratibu, "Bwana mdogo, yule hajafurahi." Nikamwambia hayamhusu.

Jumapili tulipotoka kanisani niliaga kwamba nakwenda kumwona mtu. Nikapita nyuma ya nyumba ya Ngeleja. Siyo mbali na kwetu, ni mitaa miwili tu, nyumba ya bati yenye uzio wa minyaa. Kupitia kwenye uwazi wa minyaa nikaiona baiskeli nyekundu imeegemezwa kwenye ukuta wa jiko. Imeoshwa, inang'aa. Kile kitenge nacho kimefuliwa, kimefungwa upya vizuri.

Mwanaume anaosha baiskeli Jumapili kwa ajili ya nani? Na kitambaa cha mke wangu kinafuliwa na mkono wa nani?

Nilisimama pale mpaka mbwa akaanza kubweka. Kifua kiliniwaka kama nimemeza kaa la moto. Mchana ule sikula, nikasingizia tumbo. Esteria akanichemshia maji ya tangawizi, akaniletea kitandani, akanishika paji la uso. Nikauondoa mkono wake. Nilikuwa nauona bado uko begani kwa Ngeleja.

Jumatatu niliamka mapema, nikamwambia Esteria nawahi kupakia watu. Alikuwa anamwogesha Milembe. "Haya, kazi njema," akasema. Milembe akanipungia mkono uliojaa povu.

Njiani nikampigia mzee Salu. "Mzee, nimepata pancha. Nisubiri wewe na Jenifer hapohapo kituo cha mafuta."

Gari halikuwa na pancha. Nililisimamisha mtaa wa pili kutoka kwa Ngeleja, nikachukua spana namba kumi chini ya kiti.

Saa kumi na mbili ilikuwa imegonga tu, kumeshapambazuka. Ndani kwa Ngeleja redio inasoma habari. Mkewe, Kwandu, alikuwa ametoka na ndoo, nilimwona anakata kona kwenda bombani. Nikapenya kwenye minyaa.

Breki za waya hazina kazi kuzilegeza. Nati ya mbele nikaizungusha mara tatu, ya nyuma mara tatu. Waya ukabaki mahali pake, na ukitazama kwa haraka huoni kitu.

Hesabu yangu ilikuwa hii. Ngeleja atatoka peke yake, atashuka peke yake ule mteremko wa kwenda mtoni, ataanguka peke yake. Mke wangu atamsubiri ng'ambo, pale chekechea, mpaka achoke. Nilitaka achubuke magoti tu. Nilitaka aje kazini amefungwa bandeji, Esteria amwone hana lolote.

Ndivyo nilivyojidanganya. Mteremko ule unaishia barabarani, na msimu wa pamba malori yanapita pale tangu alfajiri. Nililijua hilo. Ninaandika hapa kwamba nililijua.

Nikawakuta abiria wangu kituo cha mafuta saa moja kasoro robo. Jenifer alikuwa amenuna. "Karibu saa nzima tumesimama kama milingoti!" Mzee Salu akaingia nyuma. Getini Mayige akatuhesabu, tukapita.

Saa moja na nusu nilikuwa kwenye dirisha la stoo. Mtu akagonga.

"Kaka Machibya, mwangaluka. Naomba grisi, ile mashine ya pili inalia."

Ngeleja. Mzima. Hana hata mkwaruzo.

Nikamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Umekuja na nini?"

"Na miguu. Kwani mimi nina gari?"

"Na baiskeli?"

"Baiskeli gani? Mimi sina..." Akakatiza. Akakuna kichwa, akatazama chini, kisha akatabasamu kama mtu aliyetua mzigo. "Kumbe umeshajua. Afadhali, kaka. Kila siku tunamwambia mama Milembe akueleze mwenyewe. Alikuwa anaogopa."

"Anieleze nini?"

"Kwamba baiskeli ni yake. Aliandika jina siku ileile ya tangazo. Inalala kwetu kwa kuwa ulimkataza. Kwandu wangu ndiye aliyemfundisha, jioni, pale uwanja wa shule. Anaendesha mpaka kwa mama yako, anaiacha hapo, anamalizia kwa miguu usije ukamwona. Mimi nilimsaidia ile Alhamisi moja tu, Kwandu alikuwa na mgonjwa. Bega hili linaniuma mpaka leo alivyoling'ang'ania!"

Akacheka. Mimi nilishika ukingo wa dirisha.

"Na kitenge?"

"Cha kwenye keria? Anakalia Milembe. Alisema chuma kinamuumiza."

Kopo la grisi likaniponyoka.

Sikumbuki nilivyotoka stoo. Nakumbuka nilikuwa ndani ya gari na Mayige amesimama mbele yangu. "Machibya, ukitoka mmoja, ukirudi mmoja siwezi kukuruhusu kuingia." Nyuma yake lori la pamba lilikuwa limeziba geti lote, linarudi nyuma, linakwenda mbele, linarudi tena. Nikaliacha gari linaunguruma, nikapita ubavuni mwa lile lori, nikakimbia.

Nyumba ya mama iko umbali mdogo kutoka kiwandani. Nilimkuta amekaa mlangoni.

"Mayu! Esteria amepita?"

"Bado, na mimi nashangaa," mama akasema. "Chai yake imepoa. Mbona unakimbia?"

Nikaendelea kukimbia.

Niliwaona watu kabla sijafika mtoni. Lori limesimama upande, dereva amekaa kwenye majani na kichwa ameshika. Na katikati ya matuta ya viazi, chini ya barabara, ile nyekundu. Gurudumu moja limepinda.

Milembe alikuwa mapajani kwa mama mmoja nisiyemjua, analia kwamba kiatu chake kimepotea. Kiatu tu. Nikamkagua mikono, miguu, kichwa. Mzima.

"Mshukuru mama yake," yule mama akaniambia. "Alikuwa anashuka anapiga kelele breki, breki. Angenyoosha lori lingewasaga wote. Akaikata baiskeli mwenyewe akajirusha kwenye matuta, mtoto akamwangukia juu."

Esteria alikuwa amelala kwa ubavu, bega limeshuka vibaya, midomo imekauka. Nikapiga magoti. Akafumbua macho.

"Baba Milembe," akasema. "Nisamehe."

Mimi ndiye niliyeombwa msamaha.

"Nilikuficha," akaendelea. "Ulinikataza, nikakuficha. Usinigombeze mbele za watu."

Nikamwambia anyamaze.

Hospitali wakampiga picha, wakasema mfupa wa bega umevunjika, watamfunga, atapona. Milembe nikamkabidhi kwa mama, ambaye alikuwa amenifuata kwa miguu na presha yake. Nikarudi kukaa kando ya kitanda, Esteria akanishika mkono. Nilianza kupumua. Nikajisemea moyoni kwamba baiskeli huharibika. Breki hulegea. Mungu amenionya na amenisamehe palepale, nitanyamaza, nitakuwa mume mpya.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia Ngeleja, nyuma yake askari wa kike wa usalama barabarani mwenye daftari.

Ngeleja alikuwa ameloa jasho. "Nimeikagua, afande. Waya haukukatika. Nati zimelegezwa, mbele na nyuma, kwa spana. Juzi niliziangalia kwa mikono yangu zilikuwa zimekaza."

"Ililala wapi?" afande akauliza.

"Kwangu."

"Spana unazo?"

"Mimi ni fundi, afande."

"Basi tutaanzia kwako. Twende kituoni ukaandike maelezo."

Ngeleja akanigeukia. Alinitazama kama anayengoja nimwambie afande kwamba namfahamu, kwamba ni mtu mwema, kwamba ameisaidia familia yangu bila kudai chochote. Mimi nikatazama chupa ya maji iliyokuwa mezani.

"Mwacheni Ngeleja," Esteria akasema kutoka kitandani. "Siyo yeye. Aliyefanya namjua."

Nikautazama mlango.

"Nani?" afande akafungua daftari.

"Jenifer. Anafanya kazi masjala."

Nilidhani sikusikia vizuri. Esteria alikuwa analia sasa, machozi yanaingia masikioni.

"Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwa Ngeleja, ananiona kila siku naichukua. Ijumaa alinitangazia mbele ya watu kwamba kiti changu hakiachii." Akanigeukia. "Sikuwahi kukwambia, baba Milembe. Tangu yule binti akae pale mbele mimi silali. Njia nzima nakanyaga pedali nawaza mnazungumza nini, mnacheka nini. Nilikuwa naona afadhali nichoke miguu kuliko kukaa nyuma nikatazama kisogo chake."

Kumbe. Siku zote hizo mimi naungua upande wangu, naye anaungua upande wake, tunalala kitanda kimoja. Nilitaka kumwambia hatuzungumzi lolote. Lakini tulikuwa tunazungumza. Nilikuwa namlalamikia Jenifer kuhusu yeye, kila asubuhi, kutoka kituo cha mafuta mpaka getini.

Hapo mlango ukagongwa. Jenifer mwenyewe, na chupa ya uji kwapani, na mzee Salu nyuma yake.

"Mama Milembe, pole jamani! Tumepata habari tumeomba ruhusa..."

"Wewe ndiye Jenifer?" afande akamkata.

"Ndiyo."

"Leo asubuhi, tangu saa kumi na mbili, ulikuwa wapi?"

Jenifer akatutazama mmoja mmoja, akacheka kidogo, kisha akaacha. "Nilikuwa kituo cha mafuta. Na mzee huyu hapa."

"Kweli," mzee Salu akasema. "Nilimkuta keshafika, hata saa kumi na mbili haijagonga. Hatukutoka pale mpaka saa moja kasoro robo."

"Mlikuwa mnangoja nini muda wote huo?"

"Tulikuwa tunamngoja Machibya. Alipiga simu akasema ana pancha."

Nje mtu alikuwa anaburuta kitanda cha magurudumu.

"Pancha?" Esteria akauliza taratibu. "Alitoka nyumbani gari likiwa zima. Mimi nimelisikia likiondoka."

"Hata mimi nilishangaa," Jenifer akasema, bado haelewi anakopeleka maneno. "Karibu saa nzima ya kubadilisha tairi, na alipofika shati lake jeupe halikuwa na doa. Nilitaka kumtania, nikaona amekunja uso."

Ngeleja alikuwa amesimama karibu na mlango. Nilimwona anavyogeuza kichwa kunitazama, polepole.

Esteria hakuutoa mkono wake kwenye mkono wangu. Angeutoa ningejua la kufanya. Aliuacha palepale, akaukaza, akanivuta karibu na uso wake, akaniuliza kwa Kisukuma, kwa sauti ile anayoitumia tukiwa wawili tu, nilikuwa wapi asubuhi ile, na kama ni mimi nimwambie yeye kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mzee Salu, aliyeelewa kila neno, akainamisha kichwa.

Afande akainua kalamu. Hakuwa mtu wa huku.

"Amesema nini?" akaniuliza mimi. "Tafsiri."

Nikafungua mdomo.